Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumtengenezea mtu wa nyumbani fenicha ya mbao kwa mkono wako, Tabora na Kigoma

Haya ni maswali ninayoulizwa sana na ndugu, majirani na vijana wa hapa Tabora, na mashemeji wa Kigoma nao wakipiga simu wanauliza hayo hayo, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Mimi sio fundi wa kuuza. Natengeneza vitu vya watu wa nyumbani tu, kigoda cha mama, meza ya dada, kitanda cha mtoto wa mdogo wangu, jioni nikitoka kazini na siku za wikiendi. Majibu yangu ni ya mtu anayetengeneza kitu kimoja kwa ajili ya mtu mmoja anayemjua, ukitaka kufungua karakana ya biashara kaulize mafundi wenyewe.

Si bora ninunue tu pale barabarani? Mafundi wapo kibao na wanajua kuliko mimi.

Wanajua kuliko wewe na kuliko mimi, hilo halina ubishi. Ila fundi anatengeneza kiti cha mteja yeyote atakayepita, hajui kwamba mama yako goti la kushoto linamsumbua, hajui kwamba baba akisikiliza redio anaegemea upande mmoja na kikombe cha chai anakiweka chini kwa sababu hana pa kukiweka. Wewe unajua. Hiyo ndio faida pekee uliyo nayo juu ya fundi, na kama hutaitumia basi kweli kanunue.

Sijawahi kushika randa maishani, nianze na kitu gani?

Kigoda cha miguu mitatu. Kabati na kitanda bado, hata kama dada anaolewa mwezi wa nane na umeshaahidi. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo yenye mabonde, wakati minne mmoja ukizidi nusu sentimita tu kinaanza kucheza, unakata huku unakata kule mwisho kimebaki kifupi. Wazee wetu hawakuwa wajinga kufanya vigoda vya miguu mitatu. Upande mbaya ni kwamba mtu akiegemea ukingoni sana kinapinduka, kwa hiyo miguu iitanue, ncha za chini zifike karibu sawa na ukingo wa kikalio au zizidi kidogo.

Nampimaje mtu bila yeye kujua? Nataka iwe sapraizi.

Hapa ndio pa kutumia muda mwingi kuliko sehemu yoyote, hata kuliko kuranda.

Kipimo cha kwanza ni kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, pale linapokunjika, mtu akiwa amekaa na nyayo zimekanyaga chini vizuri na amevaa ndala zake za kila siku. Kiti cha kawaida kikalio chake kiko sentimita 43 mpaka 46 kutoka chini. Mzee mwenye shida ya magoti mpandishie mpaka 48 au hata 50, maana kinachomtesa sio kukaa, ni kuinuka. Na muwekee pa kushika, mikono ya kiti iwe juu ya kikalio kwa sentimita 20 mpaka 25 ili aisukume chini wakati ananyanyuka, na ifike mbele kabisa, sio inaishia katikati ya paja. Kigoda cha jikoni cha mtu anayesonga ugali kwenye jiko la mkaa ni habari nyingine, 20 mpaka 25 zinatosha, na usimuwekee mgongo maana kazi ya jikoni mtu anageuka geuka. Mtoto wa miaka mitatu minne 26 mpaka 30. Meza ya chakula ni 75, na kati ya kikalio na juu ya meza ibaki 25 mpaka 30, ikipungua mapaja yanabanwa.

Sasa bila kujua. Kila nyumba ina sehemu ambayo mtu fulani anaifuata mwenyewe bila kuambiwa, ukiangalia siku mbili tatu utaiona, basi pima hiyo akiwa ameenda sokoni. Mama yangu viti vipo sebuleni lakini akichambua mchele anageuza ndoo anakaa juu yake. Nikapima ndoo. Kimo cha ile ndoo ndio kikawa kimo cha kigoda chake, nikaongeza upana tu na nikakichimba kidogo katikati kisimuumize. Siku ya kwanza alipokikalia alisema "hiki kimenizoea", na hakuna sifa nimewahi kupewa ikanifurahisha kama ile.

Mzee wa mbali mtumie mtoto wa pale nyumbani akupimie na kamba, afunge fundo, akutumie kamba yenyewe. Namba za kwenye simu zinakosewa, mara inchi mara sentimita, kamba haikosei.

Mbao gani inafaa?

Huku kwetu watu wote watakuambia mninga, na wana haki. Mninga ukishakauka hautulii tu, umetulia haswa, hausinyai sana wala haupindi ovyo, unarandika vizuri, unanukia, na ile sehemu ya ndani ya kahawia mchwa hawaipendi. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, wengi mtakuwa mmeuona porini. Lakini unakua taratibu mno, mti wa kupasua mbao nzuri ni wa umri wa babu yako, na mapori yetu ya miombo yameliwa sana na mkaa, mashamba na kuni za kukaushia tumbaku. Kwa hiyo mimi ushauri wangu, mninga utumie pale panapostahili, kikalio na mikono ya kiti cha mzazi, sio rafu ya kuwekea viatu.

Mkurungu ni ndugu yake na mninga, unapatikana huku magharibi, mwekundu zaidi, nao umekatwa sana miaka ya karibuni. Mkola, ule ambao pwani wanauita mbambakofi, ni mgumu na mzito, unafaa miguu ya meza na matendegu, ila andaa patasi iliyonolewa kweli kweli. Paini zinakuja kutoka kusini kule Sao Hill na kwingineko, laini, rahisi kwa anayejifunza, zinafaa rafu na droo, lakini mchwa wakiiona wameona wali. Mtiki ukiupata ni mzuri ila hakikisha sio mti mchanga uliojaa ule weupe wa nje.

Huo weupe niuseme kabisa maana ndio unaponza wengi. Kila gogo lina sehemu nyeupe ya nje na sehemu ya rangi ya ndani. Nyeupe ndio yenye chakula cha wadudu. Hata iwe mninga, ule weupe ukiuacha kwenye mguu wa kiti baada ya miezi kadhaa unaona unga unga chini, mbao imebunguliwa kama mahindi. Ukate wote.

Nitajuaje kama ni mninga kweli? Nimesikia wanapaka rangi.

Wapo wanaopaka. Kwangua na kisu kwenye kichwa cha mbao, yaani pale mwisho ilipokatwa, ndani sio juu, angalia rangi na unuse. Mbao ya kupakwa rangi yake inaishia milimita moja. Na kama huna uhakika nenda na fundi mzee, mnunulie soda, dakika kumi tu.

Jamaa kaniletea mbao usiku kwa pikipiki, bei poa sana. Nichukue?

Usichukue. Najua inauma maana bei ni nusu. Mazao ya misitu yanasimamiwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na mbao za kuvunwa porini zinatakiwa zitoke na kibali na kulipiwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muuzaji halali anakupa risiti. Itunze hiyo risiti hata baada ya kiti kuisha, hasa kama zawadi itasafiri, na kabla ya kusafirisha pita ofisi ya TFS uliza kinachotakiwa, njiani kuna vizuizi vya maliasili na hutaki zawadi ya mama iishie pale. Jingine la kujua, mkurungu uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2019, na kwenye mkutano wa Panama wa Novemba 2022 mninga na jamii yake yote ya Afrika ikaingizwa pia. Maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inafuatiliwa. Yaani dunia nzima imeona inakwisha, sisi tunaoishi nayo tusiwe wa mwisho kuona.

Lazima nikaushe mbao? Muuzaji kasema imeshakauka.

Wauzaji wote wanasema imeshakauka.

Kiti cha kwanza nilichomtengenezea baba nilifanya haraka, ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zinanyesha, mbao nimetoka nayo yadi jumamosi na jumapili nishaanza kukata. Kilikuwa kizuri jamani. Mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, upepo ule wa Tabora mkavu unaopasua midomo, kikalio kikapasuka toka mbele mpaka nyuma, miguu ikalegea kwenye matundu yake, baba akawa anakikalia hivyo hivyo kwa sababu nimemtengenezea mimi. Hakuniambia. Nilikuja kuona mwenyewe kwamba anakaa upande mmoja ule ufa usimbane. Nilijisikia vibaya siwezi kueleza, na ndio maana hili swali nalijibu kwa urefu.

Mbao mbichi imejaa maji na yakitoka inasinyaa, inasinyaa kwa upana wake sio kwa urefu wake. Ukiifunga kabla haijasinyaa itajipasua yenyewe. Fanya hivi: panga mbao kivulini panapopita hewa, juu ya matofali zisiguse ardhi, kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene sawa kila baada ya futi mbili, na vijiti vya juu viwe usawa mmoja na vya chini la sivyo zinapinda. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote ya mafuta iliyobaki au nta, maana maji yanatokea vichwani haraka na ndio pale zinapoanzia kupasuka. Juu weka mawe au matofali. Jua kali moja kwa moja hapana.

Zitakauka lini? Chukua kipande kimoja, peleka duka la jirani wakupimie kwenye mzani, andika uzito na penseli kwenye hicho hicho kipande. Rudi kila wiki. Uzito ukishuka bado, ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo basi hewa ya hapa imechukua kilicho chake. Mbao ya inchi moja ukiianza mwezi wa tano inaweza kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba, ya inchi mbili mpe muda zaidi, mingine inalala mpaka kiangazi kingine. Na ukimaliza kupasua vipande vyako viache tena ndani ya nyumba wiki mbili kabla hujaunganisha.

Watu wa Kigoma mjini na Ujiji, nyie ziwa liko pale, hewa yenu ina unyevu kuliko yetu. Kitu kilichotengenezwa kwenu mvua zinanyesha kikija kukaa Tabora mwezi wa nane kitasinyaa. Pima hilo kabla.

Mwembe aliopanda marehemu babu umeanguka na upepo. Naweza kutengenezea kitu au ni kuni tu?

Jamani msichome miembe ya babu! Tabora ni mji wa miembe, kuna ya zamani ya enzi za misafara, na watu wanaona mwembe ni maembe na kivuli basi. Mbao yake ni nzuri, ina rangi ya dhahabu na kahawia inachanganyika, mara nyingine ina mistari myeusi ambayo huipati kwenye mninga wowote. Tatizo lake ni haraka. Mwembe ukilala chini na gamba lake wadudu na ukungu wanaingia upesi, kwa hiyo usisubiri arobaini iishe, tafuta mtu wa chensoo ndani ya siku chache, toa gamba, pasua mbao nene kuliko unavyohitaji, kama inchi moja na nusu kupata inchi moja, kwa sababu zingine zitapinda. Panga kama nilivyosema hapo juu na uweke uzito mkubwa. Dawa ya wadudu ya mbao pakaa mapema. Kwa wale ambao utomvu wa embe unawawasha midomo, na unga wa hii mbao unaweza kuwawasha ngozi, vaa mikono mirefu.

Nje usiiweke, mvua na mchwa vitaimaliza. Ndani ya nyumba inadumu.

Na mti mmoja unagawanyika. Familia moja ninayoijua walipata vigoda vinane toka mwembe mmoja, kila mtoto na wa kwake, na shina lililobaki wakalifanya kinu. Ubao wenye alama ya panga ambapo watoto walikuwa wanakatia maembe wakaomba usirandwe. Haukurandwa.

Palleti za bandarini au madukani zinafaa?

Zinafaa kwa rafu na vitu vidogo, ila tafuta muhuri ubavuni. HT ina maana imepashwa moto, hiyo sawa. MB imepigwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na muhuri na ina madoa ya mafuta usiyojua ni ya nini, iache pia. Na zile mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa kwa ajili ya paa, nyingi dawa yake ina arseniki, kwa hiyo kitanda cha mtoto, meza ya chakula au kigoda cha jikoni hapana, na vipande vyake msipikie.

Vifaa gani vya lazima? Sina hela ya mashine.

Msumeno wenye meno mazuri, randa moja, patasi mbili (nusu inchi na inchi moja), nyundo, guniya ya kupimia kona, futi, keekee au drili ya mkono, msasa namba 80, 120 na 220, na jiwe la kunolea. Hilo jiwe ndio kifaa cha kwanza sio cha mwisho. Patasi butu ndio inayokata vidole kwa sababu unaisukuma kwa nguvu ikiteleza imekufikia. Ukiweza kunyoa nywele za mkononi nayo basi iko tayari.

Mashine ya kuranda nenda kwa mafundi wenye mashine, wanakurandia kwa kuhesabu mbao, sio aibu, bado kiti ni chako. Na vaa barakoa, unga wa mninga unakera pua na kifua na kuna watu unawaletea pumu kabisa.

Klampu ni bei. Nashikishaje gundi?

Mpira wa tyubu ya baiskeli. Kata ukanda mrefu wa upana wa vidole viwili, zungushia ukivuta, unabana kuliko unavyofikiri na hauachi alama. Kwa meza kubwa tumia kamba, izungushe mara mbili, ingiza kijiti katikati uzungushe mpaka iwe kama uzi wa zeze, kifunge kijiti kisirudi. Gundi nyeupe ya mbao haijazi mwanya, kiungio lazima kigusane vizuri. Usiku mzima usiguse.

Misumari au viungio?

Viungio. Msumari kwenye kiti unalegea kwa sababu kiti kinasukumwa kila siku, mtu anaegemea, anajivuta mezani, na mbao inatanuka na kusinyaa inausukuma nje kidogo kidogo. Ulimi na tundu, yaani kipande kimoja unakichonga ulimi na kingine unakitoboa tundu, ndio kinachofanya kiti cha zamani kwa bibi bado kipo. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao. Toboa tundu kwanza ndio uchonge ulimi uufuate, kupunguza ulimi ni rahisi kuliko kupunguza tundu. Uingie kwa kugonga na kiganja, ukihitaji nyundo umezidi utapasua, ukiingia wenyewe umelegea.

Mkikuta sehemu inayohitaji skrubu, mninga na mkola toboa kwanza na drili nyembamba, afu skrubu ipake sabuni au nta.

Meza niliyomtengenezea dada juu imepasuka katikati na mbao ilikuwa kavu kabisa. Kosa nini?

Bila shaka uliigundisha au kuipigilia misumari kwenye fremu pande zote. Hata mbao kavu inavuta unyevu wakati wa mvua na kuuachia kiangazi, haiachi maisha yake yote. Meza ya upana wa mita moja inaweza kucheza milimita kadhaa. Ukiibana kila upande haina pa kwenda, inapasuka. Ishike kwa skrubu kutokea chini, matundu ya kwenye fremu yawe marefu kama yai ili skrubu iteleze kufuata mbao, katikati tu ndio ibane moja kwa moja. Hiyo ya dada inatengenezeka, bandua juu, fungua ule ufa, randa kingo, gundisha upya, urudishe kwa matundu marefu.

Kitanda, nifuate saizi gani?

Magodoro yetu ni kwa futi, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, lakini pima godoro lenyewe maana viwanda vinapishana, na ndani ya mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, acha nafasi ya vidole viwili ili mtu aweze kuchomeka shuka. Chaga za godoro la sponji zisiachane zaidi ya sentimita 7 au 8. Kuanzia tano kwa sita weka mbao ya katikati yenye mguu wake, wengi wanasahau na kitanda kinazama. Na weka nguzo za chandarua tangu mwanzo, mikoa yetu hii miwili malaria bado ipo juu, usimpe mtu kitanda kizuri afu aanze kufunga kamba kwenye misumari ya dirishani.

Kitanda cha mtoto mchanga?

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Jaribu na kopo la soda, likipita imezidi, kichwa kinaweza kunasa. Godoro libane pande zote, vidole viwili visipite. Kuta ziwe juu ya godoro kwa sentimita 50 au zaidi atakapoanza kusimama. Hakuna ncha, hakuna nguzo za urembo pembeni za kunasa nguo, na rangi usitumie ya kopo la zamani lililookotwa stoo, inaweza kuwa na risasi na mtoto atalamba. Kwenye hiki ukiwa na wasiwasi wowote na kiungio, kirudie. Vingine unaweza kusamehe, hiki hapana.

Nipake nini? Kuna mtu kaniambia mawese.

Mawese tupikie. Hayakauki kwenye mbao, yanabaki yananata, yananuka na kuita sisimizi.

Sisi tuna nta. Tabora watu wanatamba na asali kila mahali, nta inakaa pembeni, na hiyo ndio bora kwa kigoda na kiti. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya linsidi yanayouzwa maduka ya rangi. Weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria yenye maji, moto mdogo, usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto maana nta inashika moto vibaya. Inayeyuka kabla maji hayajachemka, koroga, ipue, ikipoa inakuwa kama siagi. Paka na kitambaa, subiri nusu saa, futa yote iliyozidi, kesho rudia. Vile vitambaa vyenye linsidi vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavitupa kona, vinajipasha vyenyewe mpaka vinawaka. Sio hadithi.

Ila nta haivumilii sufuria ya moto. Meza ya chakula ipakwe vanishi, mikono mitatu myembamba, yaani mara tatu, katikati msasa 220. Siku kavu isiyo na vumbi, na sio jioni karibu na taa, wadudu wote wa mtaa watagandia pale.

Mchwa?

Fenicha iache ukuta kwa vidole viwili, chini ya miguu pakaa dawa au gundisha vipande vya tairi, na funua kila mwezi uangalie. Mchwa hawapendi kusumbuliwa.

Nasafirishaje Tabora mpaka Kigoma?

Tengeneza ya kufungua. Miguu na mifumbati ishikwe kwa bolti na nati, kila kiungio kiandikie namba kwa ndani, vikalio na migongo iwe vipande vizima. Funga na magunia na maboksi, pembe zote zivalishe vipande vya ndala za zamani. Reli ipo toka 1914 ilipofika Kigoma na bado mimi naiamini kuliko kufunga kabati juu ya basi, ni kama kilomita 400 lakini mzigo unalala bila kurushwa. Ulizia stesheni utaratibu wa mizigo siku mbili kabla. Na bolti ziweke kwenye soksi ubebe mwenyewe au mpe anayesafiri, zikipotea Kaliua au Uvinza kitanda kitafika na kitalala chini mpaka utume zingine. Spana pia tuma.

Itachukua muda gani?

Kigoda wikiendi mbili. Kiti cha mikono mwezi na nusu wa jioni. Kukausha mbao sijahesabu, kwa hiyo harusi ikiwa mwezi wa tisa mbao ununue mwaka wa nyuma, au nunua tayari kavu kwa mtu unayemuamini na upime uzito hivyo hivyo.

Nikimpa fundi anisaidie sehemu ngumu, bado ni zawadi yangu?

Ndio. Mwambie tu unayempa kwamba fulani alikusaidia, na jina lake liandike chini ya kikalio pamoja na lako, mwaka, na mbao ilitoka wapi. Tumia penseli kabla ya kupaka, inakaa miaka.

Mama kapokea kiti, katoa machozi, sasa hakikalii. Kakiweka sebuleni kwa ajili ya wageni na kitambaa juu. Nifanyeje?

Hili naulizwa kuliko yote, na mimi pia limenikuta kwa bibi. Usimlazimishe na usimsemeshe mbele ya watu. Chukua mabaki ya ubao ule ule, tengeneza kigoda kingine kifupi, usikirembe, vanishi usiweke, nta kidogo tu, hata alama za randa ziache. Kipeleke jikoni jioni akiwa anapika, kiweke karibu na jiko, kalia wewe kwanza umenye naye viazi. Ukiinuka kwenda kuchota maji kiache pale pale. Bibi yangu nilivyorudi na ndoo alishakikalia, na kile cha sebuleni siku hizi anakaa baba mkubwa akija.